Hoja ya Kumi na Moja

Juma hilo tulikuwa watu watano kwenye meza moja ya bwalo, na kazi yetu ilikuwa kusahihisha swali la tano. Bwalo lilikuwa la shule ya wasichana mjini Kisumu, tuliloazimwa wakati wa likizo, na bado lilinuka maharagwe ya muhula uliopita. Chini ya kiti cha mwenzangu wa kulia, mwalimu kutoka Usenge, palikuwa na mfuko wa omena, dagaa wa ziwani, aliokuwa amewaletea jamaa zake wa mjini na hakuwa amepata nafasi ya kuufikisha. Siku ya kwanza tulilalamika. Siku ya pili tulizoea. Siku ya tatu mmoja wetu alimuuliza kama anaziuza.

Ulikuwa mtihani wa pamoja wa Kidato cha Tatu, ambao shule kadhaa za huku ziwani hushirikiana kuutunga na kuusahihisha. Karatasi ilikuwa ya fasihi. Swali la tano liliwapa wanafunzi hadithi fupi ya kurasa mbili ambayo hawakuwa wameiona kabla, kisha likasema: "Hadithi hii imejengwa kwa tashtiti. Thibitisha." Alama ishirini. Tashtiti, kwa asiyekaa na walimu, ni kumcheka mtu katika maandishi ili aone aibu na ajirekebishe. Ndivyo tunavyowafundisha. Mimi sijawahi kukutana na mtu aliyejirekebisha kwa njia hiyo, lakini maana ndiyo hiyo, na wanafunzi huikariri, na sisi huendelea kuifundisha.

Wenzangu wanne hawakujua kwamba hadithi ile niliiandika mimi. Kwa utaratibu wetu mtungaji wa swali hatajwi. Mratibu wa mtihani peke yake ndiye anayemjua, ili walimu wasije wakamzunguka wakitafuta vidokezo vya kuwapelekea watoto wao. Siku za kusahihisha, mtungaji huketi mezani kama mwingine yeyote, akijifanya naye anaiona hadithi kwa mara ya kwanza. Mimi nilijifanya vizuri. Asubuhi ya kwanza nilisema kwamba hadithi hii ni ndefu mno, na kiongozi wetu wa meza akakubaliana nami haraka kuliko nilivyotarajia.

Kiongozi huyo alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu ambaye kila mtu humwita Madam, hata wanaomzidi umri. Alikuwa na biro mbili nyekundu, moja ya kuandikia na nyingine ya kugongea meza. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba sote tunatuza sawa, na aliifanya bila kupandisha sauti. Ukimpa mwanafunzi alama kwa huruma, alikuwa anakusogezea mwongozo wa kusahihisha, anaweka kidole kwenye mstari, na kukungoja.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamume mmoja hana nyumba katika boma la baba yake. Kibanda chake kilibebwa na mafuriko, akaenda kupanga chumba mjini, na kwa miaka mingi amekuwa akiwaomba ndugu zake wamsaidie kusimamisha kingine. Ndugu wanamjibu kwenye simu kwa vijipicha vya mikono inayoomba Mungu. Kisha anakufa. Kwa mila yetu, mwanamume aliyekufa bila nyumba nyumbani kwao hazikwi hivi hivi. Lazima kwanza nyumba isimamishwe, hata kama atakaa humo kwa saa chache tu akiwa ndani ya sanduku. Basi kamati inaundwa, yenye mwenyekiti na katibu, na kwa siku tatu nyumba inasimama: kuta, mabati mapya, mapazia, kochi, taa ya sola. Mhubiri anaibariki na kumwombea mwenye nyumba maisha marefu ndani yake. Jeneza linapofika ni la kifahari mno, pana kuliko mlango, na fundi anaitwa akate ukuta.

Niliiandika kwa hasira, katika wiki moja, na nikaona nimepiga mahali pake. Mwongozo pia niliuandika mimi: hoja kumi, kila moja alama mbili. Mwenyekiti wa kamati anayehutubia kuliko anavyoomboleza. Mhubiri. Fundi na mlango wake. Vijipicha vya maombi. Na kadhalika mpaka kumi. Chini kabisa niliongeza mstari mmoja nikiwa bado na ile hasira: "Mtahiniwa anayekana kwamba hadithi ina tashtiti asituzwe chochote." Mratibu aliusoma akasema ni mkali, lakini sawa.

Kisha karatasi zikaanza kuja.

Sikuwa nimefikiria jambo moja. Mtoto wa huku kwetu, ukimwambia kwamba marehemu alijengewa nyumba kwa siku tatu, humwambii kichekesho. Unamwambia habari ya Jumamosi iliyopita. Rundo la kwanza lilikuwa la karatasi arobaini hivi, na wanafunzi wengi waliisoma hadithi yangu kama taarifa ya mazishi yaliyopangwa vizuri. Waliisifu kamati. Waliupongeza umoja wa familia. Mmoja alipendekeza mwenyekiti agombee udiwani. Mwingine alisema mwandishi anatufundisha kwamba ukitaka nyumba uwe na subira. Wengi walimlaumu fundi, na msichana mmoja alimchorea mlango, ukiwa na vipimo, jinsi ulivyopaswa kuwa. Wanafunzi watatu wa shule moja waliamini kwamba Tashtiti ni jina la marehemu, wakamwombea apumzike kwa amani.

Nilikasirika mwanzoni, halafu nikachoka. Ni vigumu kukaa siku nzima ukisoma jinsi ulivyoshindwa kuchekesha, tena kwa mwandiko wa watu mbalimbali. Nilitoa sufuri baada ya sufuri kwa kuufuata mstari wangu mwenyewe, na kila nikimwangalia Madam alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Sufuri hizo zilikuwa na uzito. Wakuu wa shule zile walikuwa wamekubaliana kwamba mwanafunzi atakayepata chini ya arobaini katika karatasi nzima ya fasihi, ambayo kila mtahiniwa hujibu maswali manne kwa jumla ya alama themanini, atarudia Kidato cha Tatu. Nilisikia kwamba huo si mpango unaotakiwa na wakubwa wa wizara, lakini ulikuwepo. Karatasi ilipofika mezani kwetu ilikuwa imeshapita meza nyingine tatu, na alama za maswali mengine zilikuwa zimejazwa kwenye jalada, karibu na namba ya mtahiniwa. Kwa hiyo ulijua, kabla hujafungua, kama mtoto huyu anaihitaji meza yako au haihitaji.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, chai ililetwa. Meza zote zina mazoea haya: wakati wa chai mtu husoma kwa sauti jibu la kuchekesha kuliko yote aliyoyapata. Haturuhusiwi, na Madam kila siku alisema haturuhusiwi, kisha akaendelea kusikiliza huku akichovya mandazi yake. Zamu ilikuwa ya mwalimu wa Usenge. Alisimama kabisa, karatasi mkono mmoja na kikombe mkono wa pili.

"Wee, hebu sikizeni huyu," alisema. "Huyu hakuwa anasoma hadithi. Huyu alikuwa anafanya uchunguzi."

Akasoma. Baadaye niliisoma karatasi ile mwenyewe mara nyingi, kwa hiyo naweza kuiweka hapa karibu jinsi ilivyokuwa.

"Katika hadithi hii mwenyekiti anachekwa kwa sababu anaongea juu yake mwenyewe na si juu ya marehemu. Mhubiri anachekwa kwa sababu anaombea maiti maisha marefu. Fundi anachekwa juu ya mlango, lakini mimi naona si makosa yake, aliharakishwa. Ndugu wanachekwa kwa sababu ya vile vijipicha vya maombi kwa simu. Lakini kuna mtu mmoja hachekwi. Ni yule alileta mabati. Hadithi inasema tu 'mabati yaliletwa.' Kila mtu ametajwa kwa kazi yake, isipokuwa huyo. Tena msimulizi anajua mabati yalikuwa geji ya thelathini, rangi ya damu ya mzee. Anajua matatu yalikwaruzika njiani na yakawekwa upande wa nyuma. Mtu akijua mabati yalikwaruzika njiani, basi alikuwa juu ya lori. Kwa hivyo tashtiti ya hadithi hii haijakamilika. Msimulizi amewacheka wote halafu yeye amejificha juu ya lori."

Meza ilicheka. Mtu wa meza ya jirani aligeuka kuuliza kuna nini, akasomewa ile sehemu ya lori, naye akacheka. Mimi pia nilicheka. Nataka hilo lijulikane. Nilicheka kwa sauti, chai ikanipalia, nikasema, "Watoto wa siku hizi," na mwalimu wa Usenge akanipigapiga mgongo.

Kisha akasoma mwisho wake, na kicheko kikapungua, ingawa yeye aliusoma kwa sauti ile ile.

"Mimi sioni cha kucheka kwa hiyo nyumba. Baba yangu alijengewa nyumba kama hiyo akiwa mochari. Kabla ya hapo tulikuwa tunapanga mtaa wa Nyalenda, mimi na yeye na mama. Baada ya mazishi tulihamia. Haivuji. Huwa nalala nikiangalia hayo mabati na ninashukuru wale walileta, na pia ninawauliza, mlikuwa wapi. Yote mawili. Sijui kama hiyo ni tashtiti."

"Eeh," alisema mwalimu mmoja wa meza yetu, akatazama kikombe chake.

"Pole yake," alisema mwalimu wa Usenge. "Lakini amekana. Anasema haoni cha kucheka. Mstari wa mwisho wa mwongozo." Akaketi, akaandika sufuri, akaizungushia duara. Alikuwa mtu mwema, alifuata tu nilichoandika.

Sikuweza kusahihisha vizuri baada ya chai. Nilisoma karatasi moja mara tatu na bado sikujua ilisema nini.

Ndugu yangu alikuwa mkubwa wangu kwa miaka minne. Simba yake, ile nyumba ya kijana ambayo mtoto wa kiume hujijengea kwa baba yake, ilianguka mwaka ambao maji ya mto yalipanda mpaka dirishani kule kwetu karibu na Ahero. Alihamia Nyalenda akawa anasimamia bomba la maji, anawauzia watu kwa mtungi. Alikuja kunitafuta shuleni kwa baiskeli, akiwa amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni kama mtu anayekwenda kuomba kazi. Aliketi kwenye benchi la wazazi chini ya ubao wa matangazo mpaka kipindi changu kikaisha.

"Omera, mimi sitaki mambo mengi," alisema. Omera ndiyo ndugu yangu, kwa Kijaluo. "Miti niko nayo. Udongo ni wetu. Ukuta nitajifanyia. Nisaidie tu mabati."

Nilimwambia tuone mwisho wa muhula. Lilikuwa jibu la kweli siku ile. Tatizo ni kwamba mwalimu ana mwisho wa muhula mara tatu kwa mwaka, kwa hiyo sikukosa la kumwambia kwa muda mrefu sana. Hakuwahi kunikasirikia. Alikuwa akiuliza, nami nikijibu, naye akisema "Sawa, mwalimu," kisha ananiuliza habari za watoto wangu. Ilifika mahali nikiona namba yake naiacha simu ilie. Miaka sita tulikwenda hivyo.

Alipokufa, kwa homa ambayo alichelewa kuipeleka hospitali, mabati yalipatikana siku ya pili. Sijui niseme nini zaidi. Yalipatikana. Nilikwenda mwenyewe dukani, nikachagua rangi, nikapanda nyuma ya lori niyashike yasiteleze, na pale barabara ilipokuwa imeliwa na maji, mabati matatu yakakwaruzana. Niliumia sana juu ya ile mikwaruzo. Nilimwambia fundi ayaweke upande wa nyuma, waombolezaji wasiyaone. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, na alihutubia kwa saa nzima, na nilimchukia kwa ajili hiyo. Miezi michache baadaye niliketi nikaandika hadithi ambamo dada yangu anachekwa, mhubiri wetu anachekwa, fundi anachekwa, na mabati yanaletwa. Sikuona kwamba sijasema yanaletwa na nani. Naapa sikuona. Ndugu yangu hakuacha mke wala mtoto, kwa hiyo siku hizi mama yetu anaweka magunia ya mchele katika nyumba ile, na mimi nikienda nyumbani huwa napita upande wa mbele.

Saa nane, tuliporudi kutoka chakula cha mchana, nilimwomba mwalimu wa Usenge karatasi ile nikaipeleka upande wa Madam.

"Madam, naomba tuiangalie hii tena."

"Iko na shida gani?"

"Imepewa sufuri."

Akasogeza mwongozo. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Nikausoma kwa sauti, mstari wangu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nikausikia jinsi ulivyo.

"Huyu hajakana, Madam. Amesema haijakamilika. Kukana na kusema haijakamilika ni vitu viwili."

Alivaa miwani yake akaisoma karatasi polepole, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sote mezani tuliacha kuandika. Alipomaliza alirudi juu akaanza kuhesabu kwa ncha ya biro. "Mwenyekiti, sawa. Mhubiri, sawa. Fundi, amemtaja na amemtetea, lakini amemtaja. Vijipicha vya simu. Hizo ni nne. Nakubali, hajakana." Akakata ile sufuri, akaandika nane. Kisha akageuza jalada akajumlisha, kwa sababu yeye pia ni mwalimu na alijua ninatafuta nini. Maswali mengine matatu yalikuwa na thelathini na moja.

"Thelathini na tisa," alisema.

"Wuololo," alisema mwalimu wa Usenge, akiwa na huzuni ya kweli. "Amekosa moja tu. Madam, si tumwongezee?"

"Ya nini? Ya huruma?" Madam hakupandisha sauti. "Tukianza ya huruma hapa, tutamaliza lini? Wote wana shida. Mnionyeshe hoja ya tano na nitaituza."

"Hoja ya tano ni hiyo ya lori," nilisema.

"Iko kwa mwongozo?"

"Haiko."

"Basi amebuni," alisema mwalimu wa Usenge. Hakuwa anabishana nami. Alikuwa anajaribu kuelewa. "Mimi nimesoma hiyo hadithi zaidi ya mara ishirini wiki hii. Hakuna mahali imesema nani alileta mabati. Inaweza kuwa ni kamati. Inaweza kuwa ni jirani. Huyu mtoto anakisia tu, mwalimu. Kwani yeye alimuuliza mwandishi?"

"Hakumuuliza," nilisema.

"Na wewe umemuuliza?"

Nilikuwa nimesimama karibu na kiti cha Madam, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nilijua nikisema, sitatunga tena mtihani ule, na hilo lingenisikitisha kidogo. Nilijua pia kwamba bwalo lile lilikuwa na walimu wa kutoka kila mahali, na kabla ya Jumapili dada yangu angekuwa amesomewa hadithi yote kwenye simu, na mlango, na saa nzima ya hotuba. Hilo lilinitisha zaidi. Lakini lililonizuia hasa halikuwa hayo. Lililonizuia ni kwamba nikisema lazima niseme yote, na yote sikuwa nimewahi kuyasema hata nikiwa peke yangu. Niliangalia namba ya mtahiniwa. Tarakimu tu. Sijui jina lake mpaka leo. Angerudia darasa zima kwa sababu ya alama moja, na ni yeye peke yake, katika zile karatasi zote, aliyeisoma hadithi yangu.

"Mtoto hajakisia," nilisema. "Ni mimi niliyeandika. Na nilikuwa juu ya lori."

Hakuna aliyecheka. Madam alivua miwani.

"Hiyo ni ile nyumba ya kule kwenu Ahero?"

"Ndiyo, Madam."

"Mimi nilikuja kwa hayo mazishi."

"Najua."

"Nilikushika mkono nikakuambia mmemjengea vizuri."

"Najua, Madam. Nilikushukuru."

Akawa anazungusha ile biro ya kugongea. Nilidhani ananitafutia adhabu, na kusema kweli ningeipokea kwa furaha. Lakini yeye alikuwa anafikiria kazi, maana ndivyo alivyo. Akasema kwamba mtungaji akishajulikana hawezi kutuza swali lake, kwa hiyo kuanzia sasa nitakuwa naandika jumla kwenye majalada tu. Akasema pia kwamba mwongozo ukiwa na upungufu, mtungaji ana ruhusa ya kuurekebisha mbele ya meza, ilimradi hoja mpya iandikwe katika nakala zote na watahiniwa wote wapimwe nayo kwa haki. Tungelazimika kupitia tena marundo yaliyokwisha. Mtu mmoja aliguna. Madam akamwangalia akaacha kuguna.

"Andikeni," alisema. "Hoja ya kumi na moja. Mwalimu, sema, tunakufuata."

Wote wanne waliinamia nakala zao. Nimesomea wanafunzi imla kwa miaka mingi na najua mwendo wake: unasema maneno matatu, unangoja, unasema mengine matatu. Nilisema kwamba msimulizi naye anakejeliwa. Nikangoja. Nikasema kwamba ndiye aliyeleta mabati. Nikangoja. Nikakohoa, nikasema kwamba aliyaleta baada ya ndugu yake kufa, ilhali ndugu yake alikuwa amemwomba akiwa hai. Sikuwahi kuyasema maneno hayo kwa mtu yeyote, na yalipotoka nilihisi uzito wote wa ndugu yangu, na baiskeli yake, na vifungo vyake, na nilitamani sana kuketi. Madam aliandika kwenye karatasi ya yule mtoto alama mbili, akabadilisha jumla ikawa arobaini na moja, akaiweka kwenye rundo la waliopita.

Mwalimu wa Usenge alikuwa bado anaandika. Aliniuliza bila kuinua kichwa, kwa sauti ya kazi, kama ambavyo angeuliza juu ya hoja nyingine yoyote.

"Hizi alama mbili tutagawa aje? Moja ya kuleta mabati, na moja ya kuchelewa?"

"Ya kuleta haina alama," nilimwambia. "Zote mbili ni za kuchelewa."